Shati la Mpole

Machi 11

Naandika kwa sababu nikisema nagombana, na fundi cherehani mwenye duka la mlango mmoja hawezi kugombana na kila anayepita. Mvua za msimu zimeanza leo. Zimeingia dukani kabla ya wateja, palepale pa mwaka jana, juu ya meza ya kukatia. Mdogo wangu ameweka ndoo, mimi nimesogeza meza, na mwenye nyumba akipigiwa simu anajibu kwamba anakuja. Anakuja tangu mwaka jana.

Leo amepandishwa kizimbani mwanamume aliyemuua Mwalimu. Najua sheria inataka niseme "anayedaiwa kumuua". Mbele ya jaji nitasema hivyo. Humu ni kwangu.

Mwalimu alikuwa mteja wetu, binti aliyefundisha chekechea, mwenye kucheka hata ukimchoma na pini. Februari alileta kitambaa cha kijani, kijani cha majani mabichi, akakitandaza mezani pangu, akakipiga picha na kumtumia mtu. Simu ikalia papo hapo, akaikata. "Kuna mtu kijani hakitaki," akaniambia, "lakini mimi nakitaka." Nikampima, nikamwahidi mwisho wa mwezi. Kabla mwezi haujaisha alimwambia huyo mtu kwamba basi, wameachana, na huyo mtu akamfuata na kisu hadi nyumbani kwa mama yake. Mama ndiye aliyefungua mlango. Gauni liko nyuma ya mlango wa stoo, limebaki upindo tu.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni jirani yangu wa vocha, mke wa mtu na mama wa watoto watatu, aliyekuja mbio kwenye mvua kunionyesha picha ya mshtakiwa. Mrefu, kainamisha kichwa, kope ndefu kama za mtoto. "Fundi, mtu mwenye macho haya anaweza kuua kweli?" Nikamuuliza tangu lini watu wanaua kwa macho. Akacheka. Mdogo wangu akaipokea simu, akaitazama, akaitazama tena, akairudisha bila neno. Yeye ambaye hakosi neno.

Machi 14

Sare za shule na mvua. Hakuna kingine.

Machi 19

Wamempa jina. Mtandaoni anaitwa Mpole, kwa sababu kizimbani anaangalia chini na anajibu kwa sauti ya kunong'ona. Mpole! Simba mwenda pole ndiye mla nyama, hilo tulifundishwa kabla hatujajua kusoma. Kuna kundi zima la wanawake wanajiita Wake Wenza wa Mpole, na kaulimbiu yao ni "Hatugombani, tunagawana". Picha zake wanaziwekea nyimbo za mapenzi. Wanabishana nani atamfulia na nani atampikia siku akitoka. Mmoja kaandika kwamba angekuwa yeye, Mpole asingefikishwa huko, maana marehemu hakujua kumtunza mwanamume. Watu mia kadhaa wameipenda hiyo kauli. Kwa hiyo mwenye kosa ni aliyelala kaburini, kwa kuwa hakumtunza vizuri aliyemlaza huko. Nimelazimika kuweka mkasi chini.

Jirani wa vocha ni mwanachama. Nilimuuliza kama mumewe ana habari kwamba ana mume mwenza. Akasema ni utani tu, Fundi, tunapoteza mawazo. Nikamwambia akapoteze mawazo yake mbali na duka langu, gauni la marehemu liko hapa ndani. Akaondoka amenuna, na kichwani mwangu nimemwandika miongoni mwa wasio na akili.

Machi 24

Mdogo wangu kashona mkono wa kushoto upande wa kulia. Mtu anayepiga matundu ya vifungo hata umeme ukikatika! Namwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba wa mama yetu, na mama aliponiachia nyumba aliniachia na yeye. Mumewe alimwacha mwaka juzi kwa ujumbe wa simu. Hata kupiga aliona tabu. Tangu hapo simu yake ilikuwa ikilala kifudifudi mezani. Siku hizi hailali. Anaichekea akiwa peke yake, anatoka nayo nje hata kwenye manyunyu.

Nilidhani kapata mtu. Nilifurahi. Ndiyo, naandika hivyohivyo, nilifurahi.

Machi 30

Paa limezibwa. Sasa linavuja pembeni ya palipozibwa.

Aprili 4

Mwandiko wa leo ausamehe yeyote atakayeusoma.

Baba yetu ndiye aliyetuachia cherehani na kazi. Alikuwa na desturi moja: kila shati linalotoka dukani kwake, tundu la mwisho la chini hulipiga kwa uzi mwekundu. Likichomekwa halionekani. Alisema ni ili shati likirudi na lawama ujue kama ni lako. Mimi nimeendelea hivyo, Kitinda naye, na sijawahi kumwona fundi mwingine anayefanya hivyo.

Leo kesi ilitajwa tena. Jirani wa vocha kasimama mlangoni kwake kacheza video kwa sauti kubwa, makusudi, nami nikachungulia ili nipate la kumtukana. Mpole anashuka kwenye gari la magereza. Pingu mbele. Shati la bluu ya mbingu, jipya, kola imesimama, halikuchomekwa. Askari akamvuta mkono, shati likageuka, na pale chini, kwenye tundu la mwisho, uzi mwekundu.

Nilirudi ndani. Kitinda alikuwa anashona vifungo. Nikamuuliza kipande cha bluu kilichobaki kwenye shati la mteja wetu wa benki kiko wapi. Akakata uzi kwa meno, akasema kashona shati. Nikamuuliza la nani. Akasema kama nauliza basi nimeshajua.

Yote akayatoa, na akayatoa bila haya, mithili ya mtu aliyechoka kubeba. Alianza kwa kumwandikia kwenye lile kundi. Kisha Mpole mwenyewe akamjibu, kwa simu aliyo nayo humo ndani. Simu mahabusu! Mimi nikichelewesha sare siku moja naitwa mwizi, na mtu wa kesi ya mauaji anachezea simu usiku na mchana na hakuna anayemuuliza. Vipimo vya shati alimpa yeye mwenyewe. Siku za kutembelea wafungwa Kitinda huniaga anakwenda kununua vifungo, na getini anajiandikisha kama mchumba.

Nikamuuliza huo uzi mwekundu aliuweka kwa kusudi gani. Akainama. "Mkono ulijipigia wenyewe, dada. Nimekuja kukumbuka nimeshampelekea."

"Umemvisha muuaji alama ya baba," nikamwambia.

Akasema simjui mtu yule. Akasema dunia imemhukumu kwa maneno ya mama mmoja mwenye uchungu. Halafu akasema jambo ambalo limenikaa hapa kifuani. "Ananiuliza kila siku kama nimekula. Nani mwingine ananiuliza kama nimekula?"

Mimi ninayepika, mimi ninayepakua, mimi ninayemwita mezani kila siku ya Mungu.

Aprili 5

Hatusemezani. Tunaelekezana kwa mkasi.

Aprili 10

Mama wa Mwalimu amekuja kuulizia gauni. Mwanamke mwembamba, mkavu wa macho, hakukaa nilipomvutia kiti. Alitaka limaliziwe. Binti yake alinunua kitambaa kwa mshahara wake, na yeye hataki kitu cha mwanawe kibaki nusu. Alilikagua gauni mshono kwa mshono, akanionyesha mahali nilipobana sana kwapani. Nikasema moyoni, mama gani huyu, badala ya kumlilia mwanawe anakagua mishono. Roho ngumu, nikamwona.

Kisha akaniomba nimpelekee mwenyewe, kwa kuwa yeye hatoki. Wale wanawake wa mtandaoni walipata namba yake. Wanamwandikia kwamba ni mwongo, ni mchawi, alimtaka Mpole kwa ajili yake mwenyewe. Wamemtumia picha ya mlango wa nyumba yake. Akazima simu, akafunga nyumba, akahamia kwa binamu yake. Mwezi ujao ndiye atakayetoa ushahidi, na ndiye peke yake aliyeona. Bila yeye hakuna kesi ya maana, mwendesha mashtaka kamwambia waziwazi.

Alipotaka kunielekeza anapokaa alisita, akamtazama Kitinda aliyekuwa kwenye pasi. Nikasema, "Usiwe na wasiwasi, mama, huyu ni damu yangu." Ndipo akasema: nyuma ya kiwanda cha mbao, geti la pili, mlango wa uani.

Kitinda hakuinua uso. Nilidhani ni aibu, na nikadhani aibu itamponya.

Aprili 13

Mvua. Cherehani imeshika kutu kidogo kwenye gurudumu. Nimeipaka mafuta.

Aprili 18

Wamemfuata. Wanaume wawili kwenye pikipiki, mchana kweupe, nyuma ya kiwanda cha mbao, geti la pili. Hawakumgusa. Waliita jina lake mlangoni kwa adabu, wakamsalimu shikamoo, wakamwambia wameagizwa wamuulize kama bado anakumbuka vizuri alichokiona, maana watu wazima husahau, na kusahau si kosa.

Amekuja mwenyewe kuniambia, kalowa mpaka mifupa, na safari hii alikaa. Hakunishutumu. Alisema tu kwamba alipohamia huko waliojua ni binamu yake, mke wa binamu, na sisi hapa dukani. Na kwamba tarehe ikifika haendi. Ana wajukuu wawili wa mtoto wake mwingine, na yeye hataki kuzika tena. Nilimtazama yule niliyemwita roho ngumu. Alikuwa amekamata ukingo wa meza yangu kwa vidole vyote.

Kikulacho ki nguoni mwako. Nimekulia kwenye nguo na sikuwahi kuuelewa msemo huo hadi leo.

Nilifunga duka saa hiyohiyo. Kitinda hakukana. Alimwambia Mpole mama anapokaa kwa sababu Mpole alisema anataka kumwomba radhi. Radhi! Alisema anataka kutuma watu wazima wakamwangukie mama, wayamalize kibinadamu. Na mdogo wangu, mwenye akili zake, mwenye kujua kupima mtu kwa jicho, akaona ni jambo jema, akajiona mpatanishi.

Nikamwambia tunakwenda polisi na hiyo simu. Akaikumbatia kama mtoto. Alisema hao wa pikipiki huenda ni watu wengine, mji umejaa wahuni. Alisema mimi nina wivu kwa kuwa sikuolewa. Nikamwambia afadhali kutoolewa kuliko kugawana muuaji na wanawake mia tatu. Akajifungia chumbani.

Mwenye macho haambiwi tazama, husema watu. Basi huyu wangu wamempofusha kwa kitu gani? Kwa neno moja: umekula?

Aprili 19

Nimekwenda polisi peke yangu. Wamenisikiliza, wameandika, wameniuliza kama nina ushahidi wowote mkononi. Sina.

Aprili 22

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Gauni lilihitaji upindo, na upindo haupimwi ukutani, unataka mwili. Kitinda na Mwalimu ni umbo moja, ndiyo maana tangu mwanzo gauni nililijaribisha kwake mwenye nalo asipokuwepo. Asubuhi nikamwambia alivae. Sikuwa na hila yoyote. Nilitaka kazi iishe, nimpelekee mama cha mwanawe, hata kama mengine yote yamenishinda. Alilivaa, akapanda kwenye kibao, nami nikapiga magoti na pini mdomoni. Nilipofika nyuma, mteja akaniita mlangoni kuhusu suruali yake. Nilichelewa kidogo, maana mteja mwenyewe ni wa maneno.

Niliporudi Kitinda alikuwa kakaa sakafuni na gauni lenye pini, na simu mapajani. Alikuwa amejipiga picha kwenye kioo akamtumia. Linampendeza, nakiri, kijani kile kingempendeza yeyote. Alitaka kusifiwa, basi. Baada ya siku nne za kununiwa na dada yake alitaka mtu mmoja amwambie kapendeza.

Jibu lilikuwa la sauti. Akaligusa tena bila mimi kumwomba, nikasikia.

"Vua hiyo nguo. Vua sasa hivi. Umeitoa wapi? Yule naye nilimwambia kijani sitaki, akajifanya hasikii. Sasa na wewe unataka nije nikufundishe kusikia?"

Hakupaza sauti hata mara moja. Ndiyo sauti ileile ya kizimbani, ya chini, ya taratibu, inayowaliza wale wanawake. Baada ya hapo ukaja ujumbe mwingine, mfupi: "Umekula?"

Kitinda alijaribu kufungua zipu mgongoni, hakuifikia. Nilimfungulia mimi. Pini zilikuwa zimemkwaruza miguuni na hakuzisikia. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia siku hii ikifika, na yalikuwa makali, nimeyanoa zaidi ya wiki mbili. Nikayameza yote. Nilimletea kanga yangu, nikamfunika.

Akasema, "Dada, simu twende nayo leo. Kesho nitaogopa."

Aprili 23

Jana mpelelezi alisikiliza ile sauti, akairudia, akamwita mkubwa wake. Akamuuliza Kitinda ana uhusiano gani na mshtakiwa, ili ajaze. Kitinda akasema andika mteja. Wameichukua simu.

Leo nimepiga upindo kwa mkono. Nilitaka nimsindikize Kitinda kwa mama wa Mwalimu, nimsemee. Akakataa, akasema aliyepeleka maneno huko ni yeye. Alirudi jioni na haya ndiyo aliyonieleza.

Mama alilipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye upindo wote. Akauliza nani kalimalizia. Kitinda akasema ni dada yake, kisha akamwambia habari zote, kuanzia shati hadi geti la pili. Alipiga magoti, mama akamwambia asimame, sakafu ina maji. Mama alilikunja gauni, akaliweka mapajani.

"Leo sina msamaha wa kukupa," akamwambia. "Lakini siku ya kesi utanisindikiza. Wale wanawake wanajipanga getini, na mimi siwezi kupita katikati yao peke yangu."

Aprili 28

Kitinda amefukuzwa kwenye kundi. Wamemwita msaliti, wameweka picha yake, wameweka na picha ya duka letu. Usiku kuna mtu katupa matope mlangoni. Jirani wa vocha ndiye niliyemkuta asubuhi akiyasugua, kajifunga kitambaa kichwani, anakasirika peke yake. Hakunitazama. Alisema katoka huko kundini, na kwamba nisimwambie neno, anayajua yote nitakayosema. Sikusema. Nilileta ndoo ya pili. Kichwani nimemtoa kwenye ile orodha ya wasio na akili, ingawa si kwa mkupuo mmoja.

Mei 6

Mvua imekatika siku ya kesi, na mimi nilikuwa nimeitegemea ituondolee wale watu. Walikuwepo, getini, pande zote mbili, na fulana zenye uso wake. Wengine wamekuja na watoto. Mama alivaa nyeusi, gauni la kijani amelikunja mkononi kama mtu anayepeleka nguo kwa mwenyewe. Kitinda upande mmoja, mimi mwingine, jirani wa vocha nyuma na mwavuli aliokuwa tayari kuutumia kwa kazi nyingine. Walitutukana. Yaliyosemwa siyaandiki, mama yangu alinilea. Kitinda walimwita kwa jina lake. Hakuharakisha. Alikuwa amemshika mama mkono, na ilikuwa vigumu kujua nani anamkokota nani.

Ndani, mama alisimama akasema alichokiona. Wakili wa Mpole akamuuliza kama ana hakika, giza lilikuwa limeingia, yeye ni mtu mzima. Mama akasema alifungua mlango kwa sababu aliifahamu sauti, kijana alibisha kwa upole kama kawaida yake. Kisha akamnyooshea Mpole kidole. Wakaicheza ile sauti ya simu. Chumba kizima kikamsikia. Mpole akaendelea kuangalia chini, na kope zake zile.

Hukumu bado. Wanasema mwezi ujao. Nimeridhika? Sijaridhika hata kidogo.

Maana nilimtazama vizuri. Alikuwa kavaa shati jipya, jeupe. Mabega yamekaa, kola haina kasoro, kazi ya mtu anayeijua kazi na aliyeifanya kwa moyo. Alipopandishwa kizimbani nililitafuta tundu la mwisho la chini, na Kitinda naye nikamwona analitafuta. Uzi mweupe.

"Si letu, dada," akaninong'oneza.

"Lina mwenyewe," nikamwambia.

Tulipotoka wale wanawake walikuwa bado getini, wanaimba. Safari hii sikuangalia chini. Nilipita taratibu nikitazama mikono yao, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta kidole chenye alama za sindano.